Minus kwanza: nilivyobadilisha betri ya gari mwenyewe pale uani

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa 11 na nusu alfajiri, mvua imetoka kunyesha, mtoto kashakaa siti ya nyuma na begi lake na chupa ya uji, mi nazungusha ufunguo gari inajibu tk tk tk, basi. Taa za dashibodi zinawaka halafu zinafifia. Nikazungusha tena, tk tk, mara ya tatu hata hiyo tk yenyewe hamna. Mtoto akauliza mama tutachelewa? nikamwambia shuka mwanangu, tukapanda bodaboda wote wawili mpaka shule, na njia nzima mi nawaza hela tu maana ada nilikuwa nimemaliza kulipa wiki ile ile.

Nieleze kwanza kwa nini ile tk tk iliniuma vile. Mwaka 2023 gari hii hii, Premio, ilinifanyia hivo hivo nikiwa kazini. Nikaitiwa fundi, kafungua boneti kaangalia kama sekunde 10 hivi, akasema dada betri imekufa nipe hela nikakuletee nyingine. Nikampa. Akaleta, akafunga, gari ikawaka, nikamshukuru sana na betri ya zamani akaondoka nayo. Siku ya nne betri mpya ikafa. Akaja akabusti, akasema utakuwa umesahau taa, na mi nina uhakika sikusahau taa. Ikaendelea hivo mpaka wiki ya tatu nikampata fundi umeme mwingine, yeye hata hakugusa kitu, alitoa testa yake akaishika kwenye vichwa vya betri gari ikiwa inaunguruma akaniambia dada njoo usome mwenyewe. Ilisoma volti 12.1. Akasema gari ikiwa imewaka hapa inatakiwa isome kwenye 13.8 mpaka 14.4, hii altaneta yako, yaani kile kifaa cha injini kinachochaji betri gari ikiwaka, haichaji, gari inakula betri tu mpaka iishe. Yaani kuna uwezekano mkubwa ile betri yangu ya kwanza ilikuwa haina tatizo lolote, na ile mpya nayo ilishaumia kwa kuishiwa mara kwa mara, kwa sababu betri ya gari haijatengenezwa kuishiwa kabisa, kila ikikaa imeisha chaji kwenye zile sahani za risasi ndani kunajijenga chumvi ngumu na uwezo wake haurudi wote tena hata uichaji vipi.

Nilitengeneza altaneta, na wiki hiyo hiyo nikanunua multimita, kile kipimo cha umeme kama testa ya yule fundi. Ya kawaida tu, ya njano, inauzwa madukani kwa mafundi umeme. Tangu siku hiyo nikajisemea hakuna mtu atakayeniambia betri imekufa bila kunionyesha namba.

Sasa turudi Jumanne. Jioni nimerudi kazini nikafungua boneti, nikaweka multimita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye plus mweusi kwenye minus. Ikasoma 10.5. Nikajua ni mbaya ila sikujua ni mbaya kiasi gani, maana gari inaweza kuwa imeisha chaji tu kwa sababu taa ya ndani imeachwa, na betri ya namna hiyo ukiichaji inarudi. Nikaenda nyumba ya pili kwa babu. Si babu yangu wa damu, mtaa mzima tunamwita hivo, alikuwa fundi umeme wa reli mpaka alipostaafu na siku hizi anatengeneza redio na mafeni ya watu pale barazani kwake.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu, habari za kutwa? Naona leo umetembea kwa miguu.”

Nikamweleza. Akaniuliza inasoma ngapi, nikamwambia 10.5. Akanyamaza kidogo akasema “kumi na nusu kamili?” nikasema ndio. Akavaa kandambili tukaenda wote.

Alichonieleza pale mbele ya boneti sijawahi kuelezwa na fundi yeyote niliyemlipa. Betri ya gari ndani sio kitu kimoja, ni vyumba 6, kila chumba ni seli inayotoa volti 2.1 hivi, zimeunganishwa kwa mstari, ndo maana betri nzima ikijaa na ikiwa imepumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikishuka 12.4 ujue imebaki kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 imeisha. Sasa seli moja ikifa kabisa unabaki na 5, na 5 mara 2.1 ni 10.5. Namba hiyo ukiiona, akasema, kaa nayo macho. Ila hakutaka nikanunue betri usiku ule kwa kuamini hesabu tu, akaleta chaja yake tukaiweka pale nje kwenye kibaraza, sio ndani, kwa sababu betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na hiyo gesi cheche moja tu inatosha ilipuke na kukurushia asidi usoni. Akamfukuza na kijana mmoja aliyekuja kuangalia akiwa na sigara.

Baada ya kama masaa mawili akaniita niguse ubavu wa betri. Upande mmoja wa moto, upande mwingine wa kawaida, na kulikuwa na harufu ya yai viza. “Chomoa, hii imekwisha,” akasema, hapo hapo akazima chaja. Seli mbovu inageuza umeme mwingi kuwa joto. Tukaiacha ipumzike, asubuhi nikapima, 10.6. Basi.

Babu aliniambia na kitu kingine ambacho nilikuwa sikijui, kwamba betri nyingi za huku kwetu zinauliwa na joto. Sisi tunadhani betri inateseka kule kwenye baridi ya Ulaya kwa sababu gari zao zinagoma asubuhi, kumbe baridi inaonyesha tu ubovu uliokuwepo, joto ndo linalokula betri kidogo kidogo, ndani ya boneti kwenye foleni ya saa 9 mchana Dar mwezi wa pili. Kwa hiyo betri inaharibika Januari na Februari, halafu inakufa mvua zikianza na we unasema ni mvua.

Jumatano nikaomba ruhusa nikapanda mwendokasi Kimara mpaka Gerezani kununua betri. Kabla ya kutoka nilipiga picha kile kibandiko cha betri ya zamani, na hili nawaomba mlifanye hata kama mnamtuma mtu: 46B24L. Zamani nilikuwa naona ni herufi za kiwanda tu. 46 ni kiwango cha nguvu yake, namba ikiwa kubwa betri ina nguvu zaidi. B ni upana na urefu wake kwenda juu. 24 ni urefu wake kwa sentimita, kwa makadirio. L ndo inayowapiga watu. Ukisimama upande ule ambao vichwa viko karibu na wewe, betri ya L minus inakuwa kushoto kwako na plus kulia, betri ya R ni kinyume chake. Duka la kwanza nililoingia kijana akanitolea R akasema sister hii ni ile ile tu, waya zinavutika. Hazivutiki. Waya za gari zimekatwa kwa urefu wa mahali pake, ukizilazimisha unabaki na waya wa plus umekaza kama kamba ya kuanikia nguo unapita juu ya chuma, na kila gari ikiruka tuta ule waya unasuguana mpaka siku plastiki yake itoke. Nikashukuru nikatoka.

Kingine ni unene wa vichwa. Kuna betri za saizi hii zenye vichwa vyembamba na kuna zenye vichwa vinene, zile nene mara nyingi zina herufi S mwishoni. Nimeona gari za watu betri ina kichwa chembamba na terminali ya gari, yaani kile kishikio cha waya kinachovaa kichwa cha betri, ni ya kichwa kinene, mtu kachomeka msumari au kipande cha kopo pembeni ili ikaze. Ile sehemu inapata joto, inakula kutu, na asubuhi moja utasikia tk tk ukanunue betri nyingine wakati tatizo ni msumari.

Duka la pili wakawa nayo. Nikatoa multimita kwenye pochi. Kijana wa dukani hakukasirika hata kidogo, alisema ni vizuri, wengi hawapimi. Ya kwanza ilisoma 12.3, nikaomba nyingine, maana betri ikikaa dukani inapoteza chaji yenyewe taratibu na kama imekaa miezi mingi bila kuchajiwa unanunua uzee. Ya pili 12.66, na tarehe ya kutengenezwa ilikuwa ya miezi michache nyuma. Nikachukua hiyo, elfu 165, risiti ya EFD na karatasi ya waranti, na akaniambia ukirudisha ile ya zamani nakurudishia elfu 15. Akaniuliza kama nataka ya maji au kavu, nikachukua kavu. Hapa naomba tuelewane, kavu ni jina tu, ndani ina maji yake ya asidi kama kawaida, tofauti ni kwamba imefungwa huongezi maji. Nimewasikia watu wakisema betri kavu unaweza kuilaza hata ubavu haina shida, jamani msilaze. Nilirudi nayo kwa bajaji nimeibana katikati ya miguu imesimama.

Saa 10 jioni nikaanza kazi pale uani, babu kakaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia, alikataa kushika spana. Alisema atasema tu.

Kitu cha kwanza kuniambia ni “vua pete, vua na bangili.” Halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto akanionyesha kidole cha pete, kina kovu la duara kamili, limezunguka kidole chote. Alikuwa kijana, pete ya ndoa ikagusa spana na chuma kwa wakati mmoja, dhahabu ikapata moto kwenye nyama yake kabla hajaweza kuvuta mkono. Niliziweka pete na bangili mfukoni bila kuuliza swali.

Halafu minus kwanza. Hili nataka nilieleze polepole kwa sababu nilikuwa nalisikia kama sheria tu bila kujua sababu yake, na sheria usiyojua sababu yake siku ukiwa na haraka unaisahau. Bodi zima la gari, hicho chuma chote unachokiona, kimeungwa na minus ya betri. Sasa ukianza na plus, spana yako imeshika nati ya plus, mkono ukateleza spana ikagusa bodi popote, hapo umeunganisha plus na minus kwa kipande cha chuma na betri inamwaga mamia ya ampia kwa mara moja, spana inaweza kuganda pale ikawa nyekundu, cheche zinaruka, na kama kuna ile gesi hapo juu ndo mlipuko. Ukianza na minus, ukaitoa na kuisogeza pembeni, bodi linakuwa halina tena njia ya kurudi kwenye betri, kwa hiyo hata spana ya plus ikigusa boneti hakuna kinachotokea. Kwenye kufunga ni kinyume, plus inaanza, minus inakuwa ya mwisho. Spana ni namba 10 tu, kwenye Toyota nyingi hiyo hiyo inafungua na kile chuma kinachoikandamiza betri isiruke.

Kabla sijatoa minus babu akauliza redio yako ni ya Kijapani? Yangu nilishabadilisha zamani, lakini swali hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Gari nyingi tunazoagiza Japan zinakuja na redio za ramani, na baadhi yake ukikata umeme wa betri hata dakika moja zinajifunga, ukirudisha inakuja maandishi ya Kijapani inaomba namba ya siri au kadi ya ramani ambayo we hujawahi kuiona. Mdogo wangu Tanga ilimkuta hivo, alibadilisha betri tu, akabaki na kioo chenye maandishi, na kuifungua kulimgharimu. Kwa hiyo kama redio yako ni ile ile iliyokuja na gari, uliza kwanza. Mafundi wenye uzoefu wanaunga betri ndogo ya pikipiki kwenye zile terminali kabla ya kutoa betri kubwa ili umeme usikatike, ila kazi hiyo mwachie anayeijua kwa sababu hapo terminali ya plus inakuwa na umeme muda wote na hiyo kinga ya minus kwanza inakuwa haipo tena.

Basi nikalegeza minus, ikagoma kidogo, nikaitikisa kulia kushoto ikatoka, nikaifunga kitambaa nikaisukuma mbali. Plus nayo. Nikafungua chuma cha kukandamiza, nati moja ilikuwa imeliwa na kutu nikaweka mafuta nikasubiri. Kuinyanyua ndo kunahitaji akili, ni kama kilo 12 na unainamia kwa mbele mikono imenyooka, mgongo unaweza kukushika, nikasogea karibu nikaegemeza mapaja kwenye bampa nikaivuta kwangu wima hivo hivo mpaka nikaiweka chini. Hapo chini penyewe kulikuwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani, kwenye trei na kwenye terminali ya plus. Huo unatokana na asidi, usiupulize, usiuguse halafu ukajifuta jicho. Nilichukua magadi, yale yale ya kupikia makande, nikayayeyusha kwenye maji ya moto nikamwagia kidogo kidogo, likapanda povu, nikasugua kwa mswaki mbovu mpaka povu likaisha, nikasuuza na maji safi nikafuta mpaka pakakauka. Terminali kwa ndani nikapiga msasa mpaka zikang'aa.

Kama asidi ikikurukia machoni, maji mengi, mengi kwelikweli, robo saa nzima jicho likiwa wazi, halafu hospitali. Mi ilinigusa nguo tu na wala sikuiona. Dera nililovaa siku ile nilipolifua Jumapili likatoka na vitundu 7 kwa mbele kama limeliwa na mende.

Betri mpya nikaiingiza, nikahakikisha plus iko upande wa waya wa plus, nikaifunga chini kwanza ili isicheze, maana betri inayorukaruka sahani zake ndani zinavunjika. Plus nikaikaza, nikaifunika na kifuniko chake chekundu. Nilipogusisha minus ikatoa cheche ndogo nikaruka nyuma, babu akasema hiyo kawaida, ni vitu vya gari vinaamka vyote kwa mara moja, usigusisheguse, iweke moja kwa moja. Kukaza nako usikaze kwa hasira, vile vichwa ni risasi, risasi ni laini inabonyea. Kaza mpaka ukishika terminali kwa mkono haizunguki, inatosha. Juu nikapaka vaselini kidogo kuzuia ile chumvi.

Nikaingia ndani ya gari. Iliwaka mara moja, na niseme ukweli moyo wangu ulifurahi kama siku niliyopata leseni. Lakini sailensa, yaani ule muungurumo gari ikiwa imesimama, ikawa haitulii, inapanda inashuka kama inataka kuzima, nikaogopa. Babu akasema usiguse mafuta, iache. Komputa ya gari ilipokosa umeme imesahau ilivyokuwa imezoea, inajifunza upya. Baada ya dakika kama 10 ikatulia. Vioo navyo vilikuwa vimesahau kupanda vyenyewe kwa kubonyeza mara moja, ukivipandisha mpaka juu na kushikilia kidude sekunde chache vinakumbuka. Saa nikairekebisha.

Halafu kile ambacho mwaka 2023 hakuna aliyenifanyia. Multimita, gari imewaka, 14.2. Nikawasha taa kubwa na AC na feni, 13.9. Altaneta inachaji. Hapo ndo nikafunga boneti.

Niongeze kidogo kwa wenye gari za kisasa zaidi. Kama gari yako inajizima yenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka ukiachia breki, ile inahitaji betri maalumu, namba zake ni za mtindo wa Q-85 au M-42, ukiweka ya kawaida kwa sababu ni rahisi itakufa mapema mno. Na wenye haibridi, zile gari za petroli na umeme kama Aqua na Prius nyingi, betri yenu ndogo ya volti 12 mara nyingi haiko mbele, iko huko nyuma ndani ya gari, na ina mrija wa kutolea gesi nje, huo mrija lazima urudishwe. Zile waya za rangi ya machungwa msiziguse kabisa, zile zinaua.

Sasa betri ya zamani. Alhamisi asubuhi kijana wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni, akaiona pale ukutani akasema mama nakupa elfu 20. Ni zaidi ya dukani, na anaibeba yeye. Nikamuuliza mnaifanyaje, akanijibu vizuri tu bila kuficha, kwamba wanaipasua kwa panga, maji wanamwaga, risasi inauzwa kwa kilo. Wanamwaga wapi? Hapo hapo kwenye mtaro.

Sikumpa, na haikuwa kwa kumdharau, yule kijana anatafuta chakula kama mimi. Ni kwamba nilikumbuka Tanga. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na chubwi za mishipi na nyavu alikuwa anazitengeneza mwenyewe kwa risasi ya betri mbovu. Anaipasua betri nyuma ya nyumba, zile sahani anaziyeyusha kwenye sufuria juu ya mafiga, moshi wa njano njano, halafu anamimina kwenye mchanga aliouchimba vishimo. Sisi watoto tulikuwa tunazunguka ule moto kama tunazunguka muwa. Ilikuwa inapendeza, ile risasi ikiyeyuka inang'aa kama kioo. Mabaki tulikuwa tunachezea. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu hakuna aliyejua, kwamba risasi ikiingia kwenye mwili wa mtoto inakwenda kwenye damu na ubongo, inamrudisha nyuma shuleni, inamletea upungufu wa damu, na haina kiwango kidogo ambacho unaweza kusema hiki ni salama.

Na hapo Mombasa tu, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za magari kimejengwa ubavuni mwa nyumba za watu. Watoto wakaumwa, mimba zikatoka, watu wakafa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameajiriwa pale, Phyllis Omido, mtoto wake mwenyewe alipimwa akakutwa na risasi mwilini, akaacha kazi akaanza kupigana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hiyo hela yote ni ya kitu kile kile kilichokuwa kimeegemea ukuta wangu karibu na baiskeli ya mtoto.

Jumamosi nikaipakia kwenye buti, imesimama, ndani ya beseni la zamani, nikaipeleka Gerezani. Yule kijana wa dukani akanionyesha nyuma, betri mbovu zimepangwa nzima nzima, hazijapasuliwa, lori linakuja kuzichukua kwenda kiwandani. Akanipa elfu 15 yangu. Nilipunjika elfu 5 na parking.

Niliporudi nikaona pale ukutani ilipokuwa imekaa siku tatu kuna alama ya mstatili kwenye sementi, pamebadilika rangi. Ndipo mtoto anapoegesha baiskeli na ndipo kuku wa jirani wanapodonoa. Nikachemsha tena maji na magadi nikamwaga, likapanda povu. Nikamwaga tena, povu dogo. Mtoto akaja akauliza mama unafua sementi? nikamwambia simama hapo hapo usisogee, nikasugua na fagio la chelewa nikamwaga mara ya tatu, na hiyo mara ya tatu povu halikupanda.